Hodi Tatu Ndani ya Kofia

Huruma, Nairobi
Jumapili, 10 Novemba 1996

Mama,

Leo sikwenda kanisani. Baba na Wafula wamekwenda, nami nimekaa mezani karibu na dirisha linalotazama ngazi, pale ulipopenda kukaa ukichambua sukuma. Ninakuandikia kwenye karatasi za daftari. Zile za barua zinazouzwa dukani zina maua pembeni, na sikutaka kukuandikia kwenye maua.

Kwanza habari za nyumbani. Baba bado yuko kiwandani, sasa wamempa zamu ya asubuhi. Haongei sana. Siku hizi anaosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo ungelicheka mpaka ukae chini. Wafula anaanza mtihani wa darasa la nane wiki hii, na amekonda. Maji bado hayapandi mpaka ghorofa yetu. Kule Kariokor kibanda chenu wewe na Mama Kariuki kimegawanywa kwa ubao, na upande wako amekaa kijana anayekata ndara za matairi. Nyembe zako za kukatia ngozi aliziuza. Nilifika nikiwa nimechelewa.

Hizo ni habari nyepesi. Nimekaa hapa kwa sababu nyingine.

Mama, lile jina walilokuita, lile lililokufuata kutoka Eastleigh mpaka mlangoni petu, si Kariuki aliyelianzisha. Ni mimi. Uliniuliza mara moja, mama yake akiwa amesimama hapo hapo, nikakuambia hapana. Ulikufa ukiiamini hapana yangu.

Nimeandika hayo nikainuka nikanywa maji. Sasa nimerudi. Nitakueleza yalivyokuwa, na nikijaribu kujipunguzia nitakata mstari nianze upya.

Ni wewe uliyenitafutia kazi kwa Bwana Farah. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani mwaka mzima, na wewe ulikuwa ukimshonea mke wake mikoba, ukamwambia, "Mama, nina msichana ana mwandiko mzuri." Nikapelekwa juu, ghorofa ya pili karibu na First Avenue pale Eastleigh, anapouzia redio na televisheni. Nilidhani nitaandika risiti. Kumbe shemeji yake wa Dubai alikuwa amemletea ile mashine, na chumba cha nyuma kilikuwa tayari na benchi mbili.

Watu waliiita kofia. Uliivaa mwenyewe, unaijua: nyeusi, nzito kama sufuria yenye ugali, na waya mnene uliotoka kisogoni ukaingia kwenye kompyuta. Mkononi unashika kijiti chenye kitufe. Macho yako yanafungwa kabisa, kisha unaona mahali pengine, na ukigeuza shingo mahali hapo napo panageuka. Michezo ilikuwa minne, na hakuna uliozidi dakika nne. Kulikuwa na ubao juu ya shimo refu, unauvuka. Kulikuwa na samaki wa rangi wanaopita hewani, ukiwagusa wanapasuka. Kulikuwa na lori linaloteremka mlima bila breki. Wa nne haukuwa mchezo hasa, ulikuwa hadithi, na waliuita "nyumba".

Shemeji wa Dubai alitaka kujua watu wanaonaje. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mtu akivua kofia, namuuliza, "Umeonaje?" na anachosema nakiandika kwenye daftari kubwa, kwa maneno yake.

Mwanzoni niliandika kwa heshima, Mama. Nilikuwa naandika kama naandika kwenye Biblia. Fundi mmoja wa magari alivuka ubao akatoka akisema, "Shimo halina harufu. Shimo la kweli unalinusa kabla hujaliona." Niliandika hivyo hivyo. Mwalimu mmoja mwanamke alisema wale samaki ni wengi na wazuri, lakini hakuna hata mmoja anayemwogopa mtu, kwa hiyo hakufurahia kuwashika. Mhubiri alisema macho yake yalikwenda lakini roho ilibaki kwenye benchi. Nilikuja kukusimulia hayo jioni, nawe uliacha kisu ukasikiliza. Ulipenda lile la harufu. Ulilirudia kwa siku kadhaa.

Kisha akaja makanga mmoja mnene wa matatu, akafika katikati ya ubao akalala chini, akatambaa sakafuni mbele ya watu wote kwa tumbo. Alipovua kofia aliniambia, "Andika sikuogopa." Nikaandika: *Anasema hakuogopa. Alitambaa.* Mtu mmoja aliyekuwa akichungulia begani pangu akasoma kwa sauti, na benchi zote mbili zikaanguka kwa kicheko. Makanga naye alicheka. Mama, sijui kama nimewahi kusikia kitu kizuri kama kile kicheko. Shuleni nilikuwa yule msichana wa nyuma anayekopesha kalamu. Nyumbani nilikuwa mikono ya kukusaidia. Hapo, kwa mara ya kwanza, watu walinigeukia wakitaka zaidi.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi. "Soma, Neke! Tusomee za wiki!" Nasimama na daftari, nasoma, na palipokuwa na neno moja la mtu naongeza langu. Niligundua kwamba anayevaa kofia hajui anaonekanaje. Anapapasa hewa, anafungua mdomo, anazungumza na ukuta. Wengi walianza kuja kukaa kwenye benchi tu, kuwatazama wengine. Bwana Farah hakupenda, lakini chumba kilijaa, akatuacha.

Na uliowafurahisha zaidi ni ule wa nyumba.

Nitakueleza ulivyokuwa, kwa sababu hukuuona wote. Unajikuta kwenye njia ya vumbi, mbele yako nyumba ndogo yenye bati na baraza. Unatembea mpaka barazani. Mlango umeegeshwa. Ndani unasikia mtu akikohoa. Hapo unatakiwa unyooshe mkono, ubonyeze kitufe, mlango ufunguke, uingie. Ni hivyo tu. Lakini watu wa kwetu hawakuingia, Mama. Walisimama barazani wakabisha hodi. Wakangoja. Wakabisha tena. Dakika nne zikaisha, giza likaja, wakavua kofia wakisema mashine yako imekufa, Bwana Farah. Naye akaamini imekufa, akaandika Dubai kuuliza. Waliotengeneza hadithi ile hawakufikiri kwamba kuna mahali ambapo mtu mzima hawezi kusukuma mlango wa watu asiowajua, hata kama umeegeshwa, hata kama hakuna mtu.

Mimi nilijua siri ya kitufe. Bwana Farah alinionyesha baada ya majibu kuja, akaniambia nisimwambie mchezaji, nitamharibia.

Ile Jumamosi ulikuja na Mama Kariuki. Mlikuwa mmeleta vyondo kwenye lile duka la chini, yeye amesuka, wewe umetia mikanda ya ngozi na bitana. Ulikuwa umefunga kitambaa chako cha bluu, cha kanisani, kwa sababu ulikuwa unakuja kuona mtoto wako anapofanya kazi. Nilikuona mlangoni unatafuta pa kuweka kikapu. Bwana Farah alisimama. Alisema, "Karibu, mama. Leo wewe ni mgeni wangu, utavaa bure." Ukakataa mara mbili kwa adabu, ya tatu ukakubali.

Kisha akanigeukia. "Nekesa, tumwonyeshe nini mama?"

Ningesema samaki. Samaki hawamwaibishi mtu, anarusha mikono kidogo anatoka anacheka. Nilitazama benchi. Zilikuwa zimejaa, na nyuso zote zilinitazama kama zinazotazama mtu anayeshika sinia. Nikasema, "Nyumba."

Uliniuliza kwa sauti ndogo, kwa jina lako la kunibembeleza, "Mayi, nivue kitambaa mbele ya watu?" Nikakuvua mimi mwenyewe. Nywele zako zilikuwa hazijachanwa, na mvi zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua. Nikakuvika kofia nikakaza mshipi chini ya kidevu.

Ulitembea vizuri. Ulifika barazani ukasimama wima, ukanyoosha gauni. Ukasema, "Hodi." Benchi zikanyamaza, wakijiumauma midomo. "Hodi hapa." Mmoja akatoa pumzi puani. Ukainamisha kichwa ukasikiliza, ukasema kama unaongea na mtu kando yako, "Kuna mtu anakohoa humu." Kisha kwa sauti ile unayotumia ukienda kuwaona wagonjwa wa kanisa, sauti ya kubeba maziwa: "Hodi, wenyewe."

Na jamaa mmoja kwenye benchi ya nyuma akajibu, akifanya sauti ya bibi kizee, "Karibu, mathe!"

Ukasema, "Asante."

Ukavua viatu, Mama. Uliinama na kofia ile nzito, ukavua kimoja, ukavua cha pili, ukavipanga kando ya mlango ambao haukuwepo. Ukainama tena kidogo kama mtu anayeingia nyumba yenye kizingiti cha chini, ukapiga hatua, na meza ya televisheni ikakupiga pajani. Waya ukakuvuta kisogo. Ukashika hewa.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Kulikuwa na mtu amelala sakafuni. Mama Kariuki alisukuma watu akafika kati akapiga kelele, "Nyamazeni! Hamna mama nyinyi? Mlizaliwa na mbwa?" Yeye ndiye aliyekuvua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu.

Ulikaa kwenye kiti, ukapapasa kichwa chako ukitafuta kitambaa. Na kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikakuuliza, "Umeonaje, Mama?"

Ukafikiri. Hukukasirika. Ukasema, "Nyumba ni safi. Bati ni jipya. Lakini mna mgonjwa ndani anakohoa, na hakuna mtu wa kumwona. Andika hivyo." Nikaandika hivyo. Ukavaa viatu, ukauliza, "Nani aliniambia karibu?" nami nikageuza ukurasa wa daftari. Mama Kariuki alikushika mkono mkateremka ngazi.

Hamjafika hata chini, wakaanza. "Soma ya huyo mathe! Neke, soma ya huyo!" Wengine hawakujua wewe ni mama yangu. Wengine walijua. Kariuki alikuwa benchi ya mbele, alijua kuliko wote, tumekua naye kwenye ngazi hizi hizi. Alinitazama. Nafikiri alikuwa anangoja kuona nitafanya nini, na angefanya hicho hicho.

Nilisimama na daftari. Nikasema, "Sasa sikilizeni maoni ya Mama Hodi." Nikasoma kwa sauti yako. Naiweza sauti yako, Mama, tangu utotoni, Wafula alikuwa ananiomba nimfanyie ukiwa sokoni na tulikuwa tunaifanya kwa mapenzi. Nilifanya "hodi" zote tatu. Nilifanya na kikohozi.

Walipiga makofi. Kariuki alicheka, ndiyo. Bwana Farah alitoka akaenda mbele dukani, na kwa siku mbili hakunisemesha ila kwa kazi.

Jina lilishuka Huruma kabla yangu. Ulikuwa unapanda ngazi na mtungi, vijana wanakaa pale ghorofa ya kwanza: "Mama Hodi! Karibu, mathe! Vua viatu basi!" Kisha wanakohoa, mmoja baada ya mwingine, mpaka ufike juu. Mwanzoni ulikuwa unawajibu, "Asante, wanangu," ukidhani utani ukijibiwa unaisha. Kariokor wauza ngozi walilidaka. Ulikwenda kununua uzi, mtu akasema, "Umebisha hodi?" Kanisani pia, mama mmoja wa kwaya, ambaye alikuwa amekula kwetu Krismasi. Ukaacha kujibu. Ukaanza kuteka maji alfajiri, kabla vijana hawajaamka.

Siku moja jioni uliniuliza, "Mayi, yule mgonjwa wa kwenye kofia, wapo wanaoingia wakamkuta?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeingia. Ndani kuna bibi kizee kitandani, uso wake wa vipande vipande kama vigae, na kando kuna kikombe. Ukimpa kikombe ananyamaza kukohoa, hadithi inaisha. Ningekuambia: ndiyo Mama, yupo, ulisikia vizuri kuliko wote, wengine walisikia mashine na wewe ulisikia mgonjwa. Nilikuambia, "Hakuna mtu. Ni mashine tu."

Ukasema, "Lakini kikohozi kile ni cha mtu." Ukaendelea na sukuma.

Nakata nianze upya mstari huu, nilikuwa naanza kujitetea.

Mama Kariuki alipokuja mlangoni, ilikuwa siku Kariuki amepigwa na baba yake. Mtaa mzima ulikuwa umesema ni yeye aliyeleta jina, kwa sababu kweli ndiye aliyelibeba kutoka Eastleigh, na baba yake aliona aibu kwako. Alimpiga kwa mshipi mpaka sikio likatoa damu. Mama Kariuki alisimama hapo nje, hakutaka kukaa. Alisema, "Mama Nekesa, mwanangu si malaika, alicheka na alisimulia. Lakini jina hakulitoa yeye. Amekula kiapo. Ni mtoto wako aliyelisoma mbele ya watu."

Uliinuka. Ulikuwa na sindano mkononi. Ukanigeukia ukaniuliza mbele yake, "Nekesa. Ni wewe?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

Na wewe ukamwambia rafiki yako wa miaka kumi na minne, mtu aliyemfunga Wafula kitovu akizaliwa humu ndani bila gari la kwenda hospitali, mimi nimeshika taa, ukamwambia, "Mtoto wangu hawezi kuniita hivyo. Mtoto wako amekudanganya, na wewe umekuja kunitukana nyumbani kwangu." Akasema, "Muulize tena." Ukasema, "Nimemuuliza."

Akaondoka. Kesho yake kule kibandani ulihamisha kiti chako ukampa mgongo. Nilikuja kukuletea chakula nikaona vyondo vyake vimerundikana bila mikanda, na wewe umekaa na mikanda isiyo na vyondo. Mlikaa hivyo miezi. Hata mmoja hakutafuta mtu mwingine wa kufanya naye kazi.

Kisha ukaanza kukohoa wewe.

Hili ndilo linaloniua, Mama, na nitaliandika pole pole. Ulikuwa unakohoa ndani ya leso. Ulikuwa unajibana mpaka macho yanatoa machozi, kwa sababu ukikohoa kwenye ngazi walikuwa wanajibu "karibu". Ulikuwa unangoja redio ya jirani ipigwe kwa nguvu. Nilikuona. Nilikuuliza, ukasema ni vumbi la ngozi. Nilisema twende zahanati, ukasema, nikapange foleni na watu nikikohoa? Angekuwepo Mama Kariuki angekuvuta kwa mkono kama alivyokuvuta ngazi zile. Hakuna mtu mwingine uliyekuwa ukimtii. Daktari alipokuona mwishoni alimuuliza Baba, "Huyu mama amekohoa muda gani?" na Baba akasema hajui, hajawahi kumsikia. Alikuwa anasema kweli.

Ukafa mwezi wa nane. Hukusema neno kunihusu mimi ila kwamba nisiache kazi, ni kazi ya kukaa kivulini.

Tulikupeleka nyumbani Bungoma. Mama Kariuki alikuja. Alisafiri peke yake kwa basi, hajui mtu, hajui lugha, mguu wake ule umevimba. Shangazi Nafula alikuwa ameshasikia habari za Kariuki, na walipoambiwa huyu ndiye mama yake, hakuna aliyempa kiti. Alisimama kando ya ua wa michongoma tangu asubuhi mpaka ulipofunikwa. Chai ilipita ikamruka. Kwetu, ambako hata mkusanya kodi hupewa chai! Nilipita karibu yake nimebeba sinia. Vikombe vilikuwepo. Nikapita.

Siku ya kugawa nguo zako, wazee waliuliza kama kuna mtu mwenye neno juu ya marehemu, kama yupo aliyemkosea aseme sasa. Shangazi akasema aliyekukosea hayupo hapa, ni mtoto wa watu, Mungu atamwona. Wote wakaitikia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kitambaa chako cha bluu mapajani, kwa sababu walinipa mimi. Nilinyamaza.

Mwezi uliopita barua ilikuja kwa Bwana Farah kutoka Dubai. Ilihusu waya mpya na mambo ya mashine. Mwishoni shemeji yake alikuwa ameuliza, katika maoni yote mliyonitumia, huyu mama aliyesema kuna mgonjwa na hakuna wa kumwona ni nani? Bwana Farah alinipa niisome. Alisema, "Nimjibu nini?" Nikamwambia ni mama yangu, amefariki. Alisema, "Najua ni mama yako. Nilikuwepo." Basi. Akarudi kupanga redio. Niliacha kazi wiki hiyo. Samahani, najua ulisema nisiache.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariokor. Mama Kariuki alikuwa amekaa anasuka. Kulikuwa na wanawake wawili wanachagua vyondo, nikataka kungoja waondoke, kisha nikasema hapana, sikungoja mtu aondoke siku ile. Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Jina lile nilitoa mimi."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua. Nilikuja mpaka kwenu kuwaambia. Umeniletea habari gani mpya?"

Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Ili ulale?" Mkonge ulikuwa unapita vidoleni mwake bila kusimama. "Kariuki sikio moja halisikii. Mamako alikuwa anakaa hapo, mgongo wake nimeutazama miezi mitano, naujua kuliko uso wako. Nilikuwa nasikia anavyozuia kifua. Nikasema nitamsemesha kesho. Kesho, kesho. Kisha nikaenda kwenu nikasimama kwenye miiba kama mwizi. Na wewe ulipita na sinia. Nilikuona, Nekesa."

Nilianza kulia. Alisema, "Usinililie hapa, wateja watadhani nimekupiga."

Nikafuta uso. Nikamuuliza nifanye nini.

"Nenda uwaambie walioninyima kiti. Wote, uso kwa uso, na baba yako awe amekaa hapo. Usije kuniambia umefanya. Nitasikia." Kisha akawageukia wale wanawake akawaambia, "Hivi havina mikanda, mtajitilia wenyewe."

Hakunisamehe, Mama. Nilitembea mpaka Huruma kwa miguu nikingoja moyo uwe mwepesi, kama wanavyosema kanisani, na haukuwa mwepesi.

Mwezi ujao tunakwenda nyumbani kuweka msalaba. Shangazi Nafula atakuwepo, na wajomba, na wale kina mama wa sinia. Nimeahidi na ninakuahidi: kabla msalaba haujasimikwa nitasimama niseme ni mimi, na nitalitaja jina lenyewe, kwa sababu najua watataka kulisikia. Nitasema na habari ya Mama Kariuki. Shangazi anaweza kunifukuza kaburini. Anaweza kunivua kitambaa hiki chako cha bluu mbele ya watu. Acha anivue. Baba nitamwambia leo, akirudi kutoka kanisani, Wafula akienda kucheza mpira. Naogopa uso wa Baba kuliko wa Shangazi.

Nasikia watu wanapanda ngazi. Huenda ni wao.

Mama, kwaheri. Lala vizuri kule kwenye udongo mwekundu, ulikuwa unasema baridi ya Nairobi inakuingia magotini, sasa haipo. Sikuombi unisamehe, hilo ulilifanya tayari kwa kuniamini na sikulistahili. Naomba tu, kama huko mlipo mnakumbuka walio huku, unikumbuke na mimi.

Mtoto wako,
Nekesa